Kitambaa Kilichobaki na Nta

Bu Sarinten, muuza tempe za maharage ya soya wa pale njia panda, anadai alimwona Warsini kwa macho yake mwenyewe akiyachemsha maisha ya mkwewe. Anasimulia kwamba alikuwa anapita nyuma ya ua wa mianzi kwenda kumwaga maji machafu, akasikia kuni zinalia, akachungulia. Akamwona Warsini amesimama juu ya sufuria kubwa ya shughuli, jasho linamtiririka, mti mkononi, anakoroga. Kila akikoroga kitambaa kinainuka kama mtu anayezama, na nta inatoka, inaelea juu ya maji kama mafuta ya supu. "Miaka yote ile ya Mbah Wuryani," husema Sarinten huku akifunga tempe kwenye jani la mgomba, "imeishia kwenye magadi na maji ya moto. Na mwenyewe alikuwa anaimba."

Hapo kwenye kuimba alitia chumvi. Mengine aliyaona kweli, na wateja wake walimwamini bila shida, kwa sababu kila mtu pale kijijini alijua kuwa watu wa maktaba ya mjini wanakuja kuchukua vitu vya Mbah Wuryani, mama mkwe wa Warsini. Kila mtu alijua pia kuwa Warsini na mkwewe hawakuwahi kupikika chungu kimoja. Lakini Sarinten alichungulia siku ya mwisho tu. Siku zilizotangulia hakuzijua, na kilichokuwamo ndani ya kitambaa hakukijua hata huyo aliyekuwa anakikoroga.

* * *

Mbah Wuryani hakuwa mtu wa kazi moja. Usichana wake aliumalizia jukwaani, katika kundi la maigizo lililokuwa likizunguka na lori kutoka soko hadi soko. Aliimba, alicheza, aliwapaka wenzake rangi usoni. Kundi lilipokwisha, alijifunza kuchonga vikaragosi vya ngozi, kisha akashika kalamu ya nta ya moto na kuchora batiki. Uzeeni akaviunganisha vyote. Alichora kipande cha maisha yake juu ya kitambaa, akakitundika ukutani barazani, akajichonga yeye mwenyewe na kumchonga mama yake na watu wengine kwa ngozi ya nyati, kisha akakaa mbele ya kitambaa na kuimba yaliyompata huku akiwachezesha. Kulikuwa na kitambaa cha utoto wake na mafuriko, kitambaa cha soko, kitambaa cha ujane. Watazamaji wake walikuwa watoto wa jirani na kuku.

Mwanafunzi mmoja aliyepita alimrekodi kwa simu, na ile rekodi ikatembea mpaka ikafika maktaba. Ndipo akaja Mbak Niken, binti mwembamba, mtandio rangi ya chai, anayezungumza Kijawa cha heshima kilichonyooka kiasi kwamba Jumadi, mume wa Warsini, alijibu "ndiyo" kwa kila kitu asije akakosea neno. Jumadi anachoma matofali. Kijawa chake ni cha tanuri.

Siku ile Niken aliwapa wote glavu nyeupe. Warsini, ambaye kila jioni alikuwa akivikunja vile vitambaa kwa mikono yake mitupu, alivaa glavu ndani ya nyumba yake mwenyewe na kuombwa ashike pembeni tu. Kisha Niken akatoa kwenye sanduku la vitambaa pilipili manga na mizizi yenye harufu, vitu ambavyo kila nyumba yenye batiki inaviweka kufukuza wadudu. Akasema kwa upole kwamba vinaacha madoa, na kwamba havina budi kutupwa. Warsini akavikusanya kwenye upande wa nguo yake, akavipeleka jikoni.

"Kule kwetu kuna chumba cha baridi," Niken alieleza. "Hakuna mchwa, hakuna maji. Kitu kikishaingia hakitoki tena, hata mkurugenzi hawezi kukitoa. Mkitaka kukiona, mnakuja ninyi."

Hiyo ndiyo sababu hasa Mbah Wuryani alikubali. Mvua zilizopita maji yaliingia ndani mpaka kitandani, na vikaragosi vya nusu ya utoto wake vikavimba vikaoza. Mchwa nao walikuwa wameshaanza kula nguzo ya chumba alimolala, na kutoka nguzoni hadi sandukuni ni mkono tu. Lakini walipofika chini kabisa, penye kitu kilichoviringishwa ndani ya gunia la mchele, bibi aliweka kiganja chake juu yake. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, alikuwa anaona ukungu tu. Kiganja kilifika pale bila kupapasa.

"Hiki nitakitoa mwenyewe siku gari lenu likija," alisema.

Niken hakubishana, akavipiga picha vile vingine. Aliomba tu vitu vyote vibaki kama vilivyo, visifuliwe wala visipigwe pasi, na Warsini akamwitikia.

* * *

Wiki ya pili yake hospitali ikampa bibi nafasi ya kutolewa mtoto wa jicho, jicho moja kisha la pili, na ikabidi akae mjini kwa binamu yake Jumadi mpaka madaktari waridhike. Akaondoka kwa pikipiki ya kukodi, amekaa upandeupande kama msichana, na ufunguo wa sanduku akamwachia Warsini. Tangu Warsini aolewe humo hakuwahi kuushika ufunguo ule. Aliufunga kwenye pindo la nguo na kuugusa mara kwa mara kama mtu mwenye jino bovu.

Kosa lake lilianzia kwenye unyevu. Alifungua sanduku ili vitambaa vipate hewa, akavitoa kimoja kimoja, na mwisho akabaki anaangaliana na lile gunia. Akasema moyoni kuwa na hicho nacho kitakuwa kimeshika ukungu. Akalifungua.

Kilikuwa kitambaa cheupe, kirefu, kimejaa nta kutoka pindo hadi pindo, nta kuukuu iliyogeuka rangi ya asali na kuanza kupasuka. Kilikuwa kimechorwa tu. Hakikuwahi kuonja rangi. Nta juu ya kitambaa cheupe haisomeki mpaka rangi iizunguke. Warsini alikiinua kwenye mwanga akaona kama vichwa, kama magurudumu, kama pazia, akashindwa kujua zaidi. Alichokijua ni kwamba mkwewe hakukimaliza, na siku si nyingi watu wa mjini watakichukua hivyohivyo na kukiweka penye baridi, watu waje kukitazama.

Kwao kutoa nyumbani kitambaa chenye nta ni sawa na kumkaribisha mgeni kwenye wali ambao bado ni mchele. Ni aibu ya nyumba nzima. Na kuna jambo jingine, ambalo Warsini hakumwambia mtu: mkwewe hakuwahi kumruhusu kuchora. Tangu siku ya kwanza alimwambia mkono wake ni mzito, kazi yake iwe kujaza nta penye nafasi pana na kuchovya kwenye nili, ile rangi ya buluu. Kuchovya, basi, alikuwa anakujua. Aliwaza kwamba bibi atarudi na macho mapya akute kazi yake imekamilika, na kwa mara moja katika maisha yake aseme asante.

Jumadi alimkuta uani anaamsha pipa la nili kwa sukari guru na chokaa.

"Uliambiwa usiguse."

"Niliambiwa nisifue."

"Na kuchovya rangi si kufua?"

"Kufua ni kutoa, Baba Endah. Mimi natia."

Jumadi akacheka, akaenda kuoga. Baadaye alijilaumu kwa kicheko kile.

Warsini aliifanya kazi ile kwa adabu. Kwanza alikilaza kitambaa kwenye jua la asubuhi ili nta kuukuu ilainike na nyufa zijifumbe. Akakichovya, akakitoa kikiwa kijani, akakitazama kikivuta hewa na kugeuka buluu, akakiacha kipumzike, akakichovya tena. Hakukizidishia. Siku ya kuchemsha ndiyo hiyo aliyochungulia Sarinten: maji, magadi, moto, na nta ikaachia na kuja juu. Warsini akakitoa, akakisuuza kwenye maji baridi, akakitandaza kwenye kamba.

Ndipo picha ikatoka. Mistari myeupe juu ya buluu, safi, kama imechorwa jana.

Lilikuwa jukwaa. Mapazia yamefungwa pembeni, taa ya karabai inaning'inia. Mbele ya jukwaa limesimama lori, na waigizaji wanapanda mmoja mmoja, bado wamevaa mavazi ya mchezo, bado wana rangi usoni, mikono imefungwa nyuma kwa vitambaa vya kuchezea. Wa mwisho kupanda ni mfalme. Taji bado liko kichwani, na chini ya taji masikio makubwa yamechomoza kama vipini vya sufuria. Chini ya mbao za jukwaa, gizani, amejikunja msichana mwenye tumbo kubwa, kiganja kimeziba mdomo wake mwenyewe.

Warsini alikaa chini palepale kwenye matope. Alikuwa bado amekaa Jumadi aliporudi kutoka tanurini. Akamwona mkewe, akamwona anachokitazama, akasogea karibu. Kisha aliinua mkono akagusa sikio lake mwenyewe, kubwa vilevile.

Jumadi alikua akiambiwa kuwa baba yake alikufa kwa homa kwenye mashamba ya mpira huko Sumatra. Hakukuwa na kaburi, na homa ni jambo la kawaida, kwa hiyo hakuuliza. Kuhusu mwaka ule ambao watu, wasanii wakiwamo, walichukuliwa na askari kwa kuitwa wakomunisti na wasirudi, alijua wanachojua wote, kwamba hauzungumzwi.

"Aliyeko tumboni ni mimi," alisema.

Ndipo Warsini akaelewa ni kwa nini kile kitambaa hakikutiwa rangi. Hakikusahaulika wala hakikumshinda bibi. Kiliachwa hivyo ili mtu akipekua aone kitambaa cha kazi tu, chenye nta, kama vilivyo katika kila nyumba ya pale; na ikibidi, mwenye nacho akifute kwa sufuria moja ya maji ya moto kabla mlango haujafunguliwa. Bibi wa watu alikaa na mumewe hivyo miaka yote, amemchora, lakini yuko tayari kumfuta. Na sasa amefanywa asiweze.

* * *

Mbah Wuryani alirudi siku moja kabla ya gari, amevaa miwani myeusi aliyopewa hospitali, na Sarinten ndiye aliyewahi kumpokea pale langoni.

"Ee Mbah, umekuwa kama mwanamuziki," alimwambia, kisha akashusha sauti, lakini si sana. "Pole lakini. Nimesikia kile kitambaa chako cha nta kimechemshwa. Mimi simo, mimi ni jirani tu."

Bibi alimshukuru kwa pole yake, akaulizia bei ya tempe siku hizi, akaingia ndani. Hakukaa. Akaenda moja kwa moja chumbani, akasimama mbele ya sanduku, akanyoosha mkono. Warsini alikuwa ameshakikunja kitambaa na kukiweka juu kabisa, hakutaka kumficha. Bibi alipitisha vidole vyake juu yake kutafuta nta. Vidole vikaenda vikarudi, vikaenda tena.

Warsini alipiga magoti akasema yote: gunia, unyevu, aibu ya kukitoa hakijaisha, nili. Hakusema la asante.

"Ningeweza kukifuta siku yoyote niliyotaka," bibi alisema. Hakuwa na hasira sautini, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya. "Sufuria moja tu. Usiku nikishindwa kulala nilikuwa nafikiria ile sufuria, halafu napata usingizi."

"Nisamehe, Mama."

"Nani mwingine amekiona?"

Warsini alitazama nyuma. Jumadi alikuwa amesimama mlangoni, na bibi akageuza ile miwani myeusi upande wake, kisha akaomba aachwe alale.

Warsini alipika wali, mchuzi wa majani ya mhogo, na maini ya kuku anayoyapenda mkwewe. Bibi alikula ndizi aliyokuja nayo kutoka mjini. Asubuhi Warsini alipeleka uji, akaukuta umepoa mlangoni, na bibi anatafuna biskuti kavu alizoletewa na Sarinten. Kwa mwanamke wa nyumba hakuna kofi linalouma zaidi ya hilo, na Sarinten alihakikisha njia panda nzima inajua biskuti ni zake.

* * *

Gari la maktaba lilifika kabla ya adhuhuri. Mbak Niken alishuka na dereva na masanduku ya karatasi ngumu, akasalimia kila mtu kwa zamu, akaketi, akanywa chai. Warsini hakungoja aulizwe. Alikitandaza kitambaa mkekani mbele yake na kusimulia kwa Kijawa chake cha jikoni, na kila aliposita Jumadi alitazama miguu yake.

Niken aliinama juu ya kitambaa muda mrefu. Mikono yake ilikuwa nyuma, kama mtu anayeogopa kukigusa hata kwa glavu. Aliuliza kama kuna picha yoyote iliyopigwa kabla hakijatiwa rangi. Haikuwapo. Akaomba radhi, akatoka kwenda kusimama chini ya mfenesi kumpigia simu mkubwa wake. Ndani walisikia tu "ndiyo, Bu," na "naelewa, Bu," na mara moja "lakini, Bu."

Aliporudi, uso wake ulikuwa umeshaomba msamaha kabla ya mdomo. Alisema kikao cha maktaba kilipitisha kazi ya msanii mmoja, ikiwa kama alivyoiacha mwenyewe. Sasa mkono mwingine umeingia. Mkubwa wake anaona ni afadhali wasichukue kitu chochote leo, wala hivi vingine, mpaka kikao kikae upya na kuamua hii ni kazi ya nani.

"Kitakaa lini?" Jumadi aliuliza.

"Labda mwakani, Pak. Siwezi kuahidi."

Jumadi, ambaye siku zote mbele ya binti huyu alikuwa mtu wa ndiyo, alipoteza heshima ya maneno. "Mchwa wetu hawasubiri kikao," alisema. "Njoo uwaone. Wako hapo nguzoni, wanasikiliza."

Niken aliinamisha kichwa. Warsini akaanza kukikunja kitambaa. Alikikunja polepole, pindo juu ya pindo, akiwaza mvua zitakapoanza atalibeba sanduku kichwani, ataliweka kwenye paa, atalala nalo. Akafikiria kwamba kila atakapopita njia panda, mpaka siku ya kufa, ataitwa yule aliyechemsha.

"Kiache wazi," ilisema sauti.

Mbah Wuryani alikuwa ametoka chumbani. Alitembea kwa kugusa ukuta, kwa mazoea tu, akafika mkekani akakaa.

"Mwanangu Niken, hivi vingine mlivyovipiga picha, mnadhani nani alivitia rangi?"

"Si wewe mwenyewe, Mbah?"

"Mimi nilichora. Huyu ndiye amechovya kila kitu tangu aolewe hapa. Amejaza na nta penye nafasi kubwa. Mbona hamkumuuliza? Mlimpa glavu, hamkumuuliza." Alinyoosha pindo la kitambaa. "Batiki ya mtu mmoja mliiona wapi? Kama hiki kimeharibika kwa sababu yake, basi vyote vimeharibika. Rudini na gari tupu, mkamwambie huyo mama wa kwenye simu."

Niken akasema, kwa maneno ya kawaida kabisa, yale anayoweza kumwambia bibi yake wa kumzaa, "Ngoja nimwambie hivyohivyo." Akatoka tena mfenesini.

Bibi alivua miwani. Daktari alikuwa amemkataza, na Warsini alinyoosha mkono kumzuia, lakini mkono ukaishia hewani. Macho mekundu, yenye machozi ya dawa, yalishuka kwenye kitambaa na kutembea juu yake kuanzia kwenye taa, kwenye pazia, kwa mmoja mmoja wa waliopanda lori. Midomo yake ilikuwa inasema majina yao bila sauti. Alipofika kwa mfalme alisimama hapo.

"Sijawahi kukiona," alisema. "Nilichora nta juu ya nyeupe, kwa kibatari, nikawa nakisia. Nilidhani masikio nimeyakosea."

"Hukuyakosea, Mama," Jumadi alisema.

Akamtazama mwanawe, akatazama masikio yake, na wote wawili wakaanza kucheka kwa namna ambayo Warsini hakujua aitazame au aipe mgongo. Kicheko kilipokwisha, Jumadi alibaki ameegemea bega la mama yake, mtu mzima, mvi kichwani, vumbi la matofali shingoni.

Bibi alisugua kitambaa kwa kidole gumba, kama wanavyofanya wanunuzi sokoni wanapotafuta kasoro.

"Mimi ningekizamisha mpaka kiwe cheusi," alimwambia Warsini. "Nyufa ulizifumbaje?"

"Nilikilaza juani kwanza, Mama."

"Hm." Akasugua tena. "Mkono wako si mzito sana." Kisha akauliza kama ule uji bado upo.

Uji ulikuwa umeganda. Warsini aliupasha moto, na huko jikoni, peke yake, ile hofu aliyoibeba wiki nzima ikamtoka kwa kwikwi iliyomfanya ashikilie ukingo wa jiko. Alipotoka na bakuli, Niken alikuwa amerudi na tabasamu linalojaribu kutulia. Mkubwa wake amekubali. Vyote vitaenda leo. Majina yataandikwa mawili, la aliyechora na la aliyetia rangi, kwenye kila kitambaa. Ila anaomba historia ya hiki cha mwisho isemwe kwenye kinasa sauti, ilivyokuwa, pamoja na sufuria.

Bibi alikula uji wote kwanza, na kukilamba kijiko. Kisha akaimba. Vitambaa vingine vyote vilikuwa na vikaragosi vyake. Hiki hakikuwa na hata kimoja, hakuwahi kuthubutu kuwachonga. Aliimba mikono ikiwa mapajani, sauti imekwaruzika, beti ambazo hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuzisikia. Aliimba mchezo uliokuwa ukichezwa jioni ile, nani alikuwa nani, nani alisahau maneno yake watazamaji wakamzomea. Aliimba taa za lori. Aliimba mbao za jukwaa juu ya kichwa chake na hatua za mumewe zikipita juu ya mbao hizo, na jinsi alivyozitambua. Kinasa sauti kilikuwa kidogo kama sabuni. Nje ya ua wa mianzi, Sarinten alikuwa amesimama na kapu lake la tempe, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kuongeza.

* * *

Vitambaa vilifungwa kimoja kimoja kwenye karatasi laini. Warsini alivikunja yeye. Niken alimpa glavu, kisha akabadili mawazo akazirudisha mfukoni, akamwambia anawe tu mikono. Dereva alibeba vikaragosi kama mayai. Sarinten aliingia na tempe za bure kwa wageni wa safari, akamweleza Niken kuwa yeye na Warsini ni kama dada na kwamba siku zote alijua kazi ile itatoka vizuri. Warsini alimwacha aseme. Moyo wake siku ile ulikuwa na nafasi hata ya Sarinten.

Kitambaa cha buluu kilibaki cha mwisho. Niken alikuwa amekipakata mikononi, karatasi haijafungwa bado, mlango wa gari uko wazi, Mbah Wuryani alipomsogelea akaweka kiganja chake juu yake, palepale, kama siku ile ya kwanza.

"Binti yangu, nina ombi moja," alisema. "Sanda ni nyeupe, hiyo najua, sina neno. Lakini juu ya sanda sisi hufunikwa na batiki mpaka makaburini. Mume wangu hakufunikwa na kitu. Siku yangu ikifika, huyu Jumadi atakupigia simu. Mniletee hiki asubuhi moja tu. Nifunikwe nacho kutoka hapa barazani mpaka pale kwenye mkamasi wa makaburini, kisha mkitoe mrudi nacho, kitakuwa hata hakijapata vumbi. Inawezekana?"

Niken alikitazama kitambaa. Akamtazama Warsini, kana kwamba Warsini ndiye mwenye kanuni za kile chumba cha baridi ambamo kitu kikiingia hakitoki. Warsini naye alikuwa ameacha kufunga kamba ya sanduku la mwisho, ameshika ncha zake mbili. Dereva alizima injini ili wasikilizane.